Kuku Uchi Niliowaleta Bwiza

Juzi kijana mmoja alinipigia simu saa saba mchana, nimejinyoosha kidogo baada ya kula. "Mama, kuku wanauana!" Nikamwuliza ana wangapi. Alikuwa na kumi na wawili nyumbani, asubuhi hiyo amenunua wanane sokoni, amefika, amefungua tenga katikati ya ua na kuwamwaga wote "ili wazoeane". Wazoeane! Kama tuko kwenye harusi. Nikamwambia awatoe wale wanane mbio, awafungie jikoni. Akaniuliza: "Mpaka kesho?" Nikakata simu.

Nilimpigia tena baadaye, sina roho mbaya hivyo. Lakini kwanza nilikata.

Ninyi vijana mnaonipigia, mnaonisimamisha barabarani, mnaonitumia picha za kuku mkitaka niwape jibu kabla sijavaa miwani, leo nitasema mara moja, halafu mniache nipumzike. Nimetunza kuku tangu nikiwa msichana, kwa mshahara na bila mshahara, mpaka magoti yakakataa kuinama. Kuingiza kuku wageni kwenye kundi lililopo ndiyo kazi mnayoichukulia rahisi kuliko zote, na ndiyo iliyoniaibisha mimi kuliko zote. Msikilize.

Kazi niliifunzwa kwenye shamba moja la kuku wa mayai, nje ya mji wa Bujumbura, upande wa barabara ya Cibitoke. Kuku elfu mbili ndani ya vizimba vya waya, safu tatu kwenda juu. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Salvatori, mtu mkavu mwenye maneno machache, ambaye aliweza kusimama mlangoni, akavuta pumzi, na kukuambia safu ya ngapi ina kuku anayeumwa. Wiki yangu ya pili nilikuja na kitenge kipya cha njano, maua makubwa, nimejipenda mwenyewe. Nilipofungua mlango, kuku elfu mbili walipiga kelele kwa pamoja kama wamemwona mwewe, wakajirusha kwenye waya, na kwa siku mbili mayai yakapungua. Mzee Salvatori hakunigombeza. Alitazama kitenge, akatazama kuku, akasema, "Wamekubali kwamba umependeza. Kesho uvae kama jana."

Kwa hiyo jambo la kwanza ni hilo: kuku hapendi kitu kipya. Hapendi nguo mpya, hapendi ndoo mpya, na kuku mpya ndiyo hataki hata kumwona. Ninyi mnataka wapendane kwa siku moja. Ninyi wenyewe mmehamia mtaa mpya, mlichukua siku ngapi kumsalimia jirani?

Kisha vita vikafika kwenye barabara ile. Asubuhi moja risasi zililia karibu na shamba, tukakimbia kwa miguu hadi mjini, mimi nikiwa bado na bakuli la provande mkononi, chakula chenyewe cha kuku, sijui nilifikiri nitampelekea nani. Barabara ikafungwa siku tisa. Mwenye shamba alikwisha kuvuka mpaka na familia yake. Alituma neno moja tu, kwamba anayeweza kuokoa kitu aokoe.

Siku ya kumi Mzee Salvatori alikuja kwangu, mtaa wa Bwiza, na baiskeli.

"Twende."

"Kufanya nini, Mzee? Wamekwisha kufa."

"Twende tuone."

Sitawasimulia harufu. Wengi walikuwa wamekufa kwa kiu, na upande mzima wa vizimba ulikuwa mtupu, umevunjwa na watu. Lakini kona ya kusini risasi zilikuwa zimetoboa bati, na mvua iliyonyesha wiki ile ilikuwa imedondoka moja kwa moja ndani ya vyombo vya maji. Huko tulikuta kuku thelathini na mmoja wanapumua. Nasema wanapumua, sisemi zaidi. Shingo hazina manyoya, migongo haina manyoya, vilemba vyeupe kama karatasi, kucha ndefu zimejipinda kwenye waya hadi tukazikata ili kuwatoa.

Nilikuwa tayari nimechota provande iliyobaki sakafuni. Mzee Salvatori akanishika mkono. "Maji kwanza. Kidogo. Chumvi kidogo, sukari kidogo. Chakula jioni." Kuku mwenye kiu ya siku nyingi ukimpa chakula kikavu, kinakaa kifuani kama jiwe na kinamwua. Hilo nalo mliandike mahali.

Yeye alichukua kumi na wawili, mimi nikachukua kumi na tisa. Tuliwapanga kwenye vikapu, tukasukuma baiskeli hadi mjini. Kwenye kizuizi askari alifunua kitambaa, akarudi nyuma hatua moja.

"Hizi ni nini?"

"Kuku, shefu."

"Ziko na ugonjwa gani?"

"Njaa," akasema Mzee Salvatori.

Askari akatupungia mkono tupite, hakutaka hata mmoja. Kwa nyakati zile, hiyo peke yake inawaambia walivyokuwa wanaonekana.

Sasa niwaambie kuhusu nyumbani. Mimi, mume wangu aliyekuwa mwalimu na binti yetu Alida tulipanga chumba cha mbele katika parseli moja ya Bwiza: ua mmoja, bomba moja, choo kimoja. Vyumba vya nyuma alikaa Mama Furaha, mwanamke wa Uvira, upande wa Kongo, aliyevuka kuja kwetu na watoto wake vita vya kwao vilipowaka. Hebu fikirini, kukimbilia Bujumbura ya miaka ile ili upate usalama. Alikuwa anachemsha mayai na kuyauza na karanga kwenye baa za mtaani, na kuku waliotaga mayai hayo walikuwa wake: kumi na mmoja wa kienyeji, weusi na wa madoadoa, na jogoo wao. Mkubwa wao alikuwa tetea mmoja mweusi aliyeitwa Ajida, kile cheo cha jeshini, kwa sababu asubuhi alipita mbele ya wenzake wote akiwakagua na kumdonoa asiyempisha. Kuku wale ndio waliomlisha Mama Furaha na watoto wake wanne. Mimi sikuwa na kuku nyumbani; niliwaona kutwa nzima kazini, wakanitosha.

Mama Furaha alifunua kitambaa cha kikapu changu kama yule askari.

"Mama Alida, hizi ulizinyonyoa mbele ya kuzichinja?"

"Watapona. Watakuwa kuku."

"Mi naona zinakufa. Usizileteye huku kwa zangu, tafazali."

"Hawatakaribiana. Mi najua kazi yangu."

Na kweli, mwanzo niliifanya vizuri. Niliwafungia kwenye stoo yetu, mlango umefungwa. Nilikuwa na viatu vya stoo na viatu vya ua. Niliwahudumia wao mwisho, baada ya kuosha kila kitu. Vidonda niliosha kwa maji ya chumvi na kupaka ile dawa ya zambarau, kwa sababu kuku akiona damu hawezi kujizuia, atadonoa mpaka mwenzake aishe. Niliwafundisha mambo ambayo sikujua kama kuku hufundishwa. Hawakujua kukanyaga udongo: walisimama na mguu mmoja juu, wamekasirika. Hawakujua kuparura. Niliwawekea fito za kulalia, wakazikimbia, wakajirundika wote kwenye kona moja hadi wa chini wakakosa pumzi, kila jioni nikawa nawatoa mmoja mmoja na kuwaweka juu ya fito kwa mikono yangu. Kumi na tisa! Ukimweka wa kumi, wa kwanza ameshashuka. Nimelea mtoto, nimeuguza mama mkwe, sijawahi kujaribiwa hivyo.

Siku ya tano Mzee Salvatori alikuja kuwaangalia. Alivuta pumzi mlangoni pa stoo, akaridhika. Kisha akageuka akatazama kuku wa Mama Furaha wanavyoparura uani, wanang'aa kama wamepakwa mafuta.

"Hawa je?"

"Hawa hawana shida, Mzee. Ni hawa wa ndani wagonjwa."

"Wa ndani wamechanjwa. Mimi na wewe tuliwachanja. Mdondo ukiwapata, watatembea nao na hawataanguka. Hawa wa nje nani amewachanja?"

Hakuna. Mdondo, kwa mnaoanza, ni ule ugonjwa unaopindua shingo ya kuku, anaharisha kijani, anakufa, na anayefuata anakufa.

"Wachanje wenyeji kwanza," Mzee Salvatori akasema. "Ungoje wiki mbili. Halafu siku thelathini ziishe ndipo ufungue mlango."

"Ndiyo, Mzee."

Nilisema ndiyo, na nilikuwa na nia. Dawa ilikuwepo mjini, pale kwa waganga wa mifugo, hata miaka ile. Lakini chupa moja ni ya kuku mia na zaidi, na ukishaifungua inaharibika siku hiyo hiyo. Nilifikiri: nifungue chupa nzima kwa kuku kumi na mmoja na jogoo? Wengine wote waingie, tuitumie pamoja. Basi nikaanza kuzunguka mtaa, mlango kwa mlango. Enyi watu! Fundi cherehani aliniambia kuku wa kienyeji haumwi, anajua majani yake mwenyewe. Mama wa duka la mkaa alisema dawa ya kudondoshwa jichoni itamfanya kuku awe kipofu. Mzee mmoja alitaka kujua ni nani aliyenituma na chama gani. Kwa siku tatu nilibishana, siku ya nne nikachoka, nikasema nitaendelea wiki ijayo. Mama Furaha mwenyewe sikumwuliza vizuri. Nilimtajia tu kwamba iko dawa, tungojee wengine. Akasema sawa, we ndo unajua.

Wiki ijayo haikuja. Siku ya kumi na sita mtaa wa shemeji yangu uliwaka moto, akafika kwetu na mke wake, watoto watano na magodoro mawili. Watu saba hawalali uani ili kuku walale stoo. Nilikwenda kwa Mama Furaha. Alikuwa anachambua karanga.

"Dada, ni lazima kuku wangu watoke. Nitawatenga na waya siku chache, halafu wataingia kwa wako."

"Ziko nzuri?"

"Ziko nzuri. Siku kumi na sita hakuna aliyekohoa."

Alinitazama. "Mi kuku niliziona tu kwetu, zinazunguka zenyewe. We ulifanya kazi yake. Ukisema ni sawa, ni sawa."

Nikasema ni sawa.

Na hapa ndipo ninapokasirika hadi leo, kwa sababu kule kuwachanganya kwenyewe nilikufanya kama kitabu! Kama kuna kitu cha kujifunza kwangu, ni hicho. Nilinyoosha waya katikati ya ua, waonane siku tatu bila kugusana, wadonoane kwa macho kwanza. Niliweka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, mbalimbali, ili Ajida asiweze kukalia vyote. Niliegemeza bati ukutani na kulaza makatoni, mgeni apate pa kukimbilia akikimbizwa. Nilifunga vitita vya lengalenga, mchicha wenyewe, juu kidogo ya vichwa vyao, mdomo ukiwa na kazi ya kuruka na kuchuma hauna nafasi ya kumdonoa jirani. Na nilipotoa waya, niliwatoa wageni wote kwa pamoja, kamwe usimwingize mmoja peke yake, atauawa. Ajida alimpanda mmoja, akampanda wa pili, wa tatu akamgeukia, wakatazamana shingo zimevimba, kisha wote wawili wakajifanya wameona mdudu chini. Ikawa imekwisha. Hapakumwagika damu. Nilikuwa najisikia kama nimejenga daraja.

Sifa zangu zikavuka mtaa. Akaja kijana mmoja wa shirika fulani, anakaa Kinindo kwa matajiri, na gari lake na kamera. Alitaka kupiga picha kuku wa aina mbili wakila pamoja, uchi na wenye manyoya, atengeneze mafunzo ya watu kuishi pamoja. Alichuchumaa pale uani na suruali yake safi. "Ona, mama. Laiti na watu wangekuwa hivi." Nikamwambia, "Kijana, hawa ni kuku. Jana mmoja amemeza kifungo cha shati la mume wangu." Hakusikia. Alipiga picha nyingi.

Siku mbili baada ya picha zile, asubuhi, Mama Furaha aliniita kutoka bombani.

"Mama Alida. Kuya uone."

Alikuwa amesimama juu ya tetea wake wa madoadoa. Amelala ubavu, shingo imepinda mpaka kichwa kinatazama mgongo, chini yake kumechafuka kijani. Nilijua kabla sijafika. Nilijua kama unavyojua sauti ya mtoto wako.

Nikasema: "Labda amekula kitu kibaya."

Vijana, makosa ya kazi nimeyasema mengi na nitayasema mengine mkitaka. Hili halikuwa kosa la kazi. Kinywa changu kilisema hivyo, nami nikakiacha. Mama Furaha alikwenda akamwaga mabaki yote ya chakula aliyokuwa amewawekea kuku, akafagia ua mzima, akawafokea watoto wake akiwauliza nani ametupa sumu ya panya. Furaha, binti yake mkubwa, alilia akiapa kwamba si yeye. Nami nilikuwa ndani kwangu, nasikia. Siku iliyofuata wakafa wengine watatu na jogoo. Kuku wangu walikuwa wanatembea katikati ya maiti, vichwa juu, wanakula lengalenga.

Siku ya tatu nilishindwa. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mmoja wa weusi yuko mapajani kwake, anajaribu kumnywesha maji kwa kijiko.

"Mama Furaha, si chakula. Ni mdondo. Umetoka kwa wangu. Wangu wamechanjwa, hauwaui. Wako hawakuchanjwa."

Aliendelea na kijiko. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu yule wa kwanza."

"Na dawa?"

"Dawa ilikuwepo. Mzee Salvatori aliniambia. Sikuileta."

Akaweka kijiko chini. "Mutoto wangu nilimupiga juzi," akasema. "Kwa sumu ya panya." Akainuka na kuku wake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Walikufa tisa na jogoo. Walibaki wawili: mmoja wa madoadoa aliyebaki na shingo iliyopinda kidogo, na Ajida, bila shaka, ambaye hata mdondo ulimwogopa.

Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Tulipishana bombani kila asubuhi, akanipisha kwa adabu kana kwamba mimi ni mgeni wa mwenye nyumba. Akaanza kununua mayai sokoni ya kuchemsha, wakati kuku wangu walikuwa wameanza kutaga upya, mayai yako uani mbele ya macho yake. Nilimwekea kumi mlangoni kwake. Saa moja baadaye nikayakuta mlangoni kwangu, yameoshwa. Nikamwekea tena, yakarudi tena. Mume wangu akasema mwache. Shemeji akasema ni kuku tu. Nilitaka kuwapiga wote wawili. Ni kuku tu! Mwanamke anatembea hadi soko kuu na kurudi, kila siku, na barabara zenyewe za wakati ule, kwa sababu mimi sikutaka kupoteza chupa moja ya dawa.

Ilikuwa hivyo wiki nyingi. Kisha siku moja mchana risasi zikaanza upande wa Nyakabiga na kutukaribia. Tulilala sakafuni, wote, pande zetu mbili za ua. Lango la parseli lilisukumwa na watu waliokuwa wanakimbia, likabaki wazi. Kulipotulia nilitoka, ua mtupu. Hakuna kuku hata mmoja. Nilisimama pale kama mjinga na bakuli tupu, naita "ku ku ku".

Langoni akaingia Mama Furaha, vumbi hadi kichwani, amebana kuku wangu wawili chini ya makwapa, kila upande mmoja, na wa tatu amemshika miguu, ananing'inia.

"Hizi kuku zako hazina akili," akasema. "Zilisimama katikati ya barabara. Katikati! Zinaangalia magari ya askari."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu kile kijiko.

"Umekwenda barabarani? Sasa hivi?"

"Ningefanya nini, nikuite? We unakimbia kama bata. Shika hii, inaninyea."

Tulitafuta hadi jua likazama, nyuma ya maduka, kwenye mitaro. Tulipata kumi na watano. Wawili wake walikuwa juu ya ukuta wa choo. Kuku wa kienyeji anajua pa kwenda. Hatukuzungumza juu ya mambo yale, si siku hiyo wala nyingine. Lakini kesho yake alibisha mlangoni kwangu.

"Nipe sita. Zile zenye manyoya yanarudi. Na leo tunaenda kuchukua hiyo dawa, mi na we. Chupa nzima."

"Na kuku wengine wa kuijaza?"

"Hiyo niachie mi."

Nami nilimwachia. Nilifuata nyuma yake na termosi ya barafu, chupa ndani. Milango ile ile niliyofukuzwa! Alisimama langoni kwa fundi cherehani, mikono kiunoni. "Baba, mi zangu zilikufa tisa na jogoo. Kwa wiki moja. Leta zako." Hakusema zaidi ya hapo. Fundi alileta zake. Mama wa mkaa alileta zake. Mama Furaha alishika kuku ubavuni, akamgeuza kichwa, mimi nikadondosha tone moja jichoni, nikangoja apepese, afuataye. Mimi niliwaeleza kwa siku tatu jinsi dawa inavyofanya kazi na sikupata kuku hata mmoja. Yeye kwa asubuhi moja alimaliza chupa. Ndipo nilipoelewa kwamba watu hawataki kufundishwa, wanataka kuona aliyepoteza. Inaudhi sana, lakini ndivyo.

Tulifanya hivyo kila miezi michache, miaka yote iliyobaki ya vita. Wengi walimwuliza, kuku wako waliuawa na nini, ugonjwa ulitoka wapi? Alijibu, "Uliingia tu." Mimi nimesimama hapo na chupa ya dawa mkononi. Hakunitaja hata mara moja, kwa mtu yeyote Bwiza.

Kwao kulipotulia kidogo, aliamua kurudi. Mdogo wake alikuwa amebaki Uvira na kuku wake, kama ishirini, na Mama Furaha alikuwa sasa na kundi lake la mchanganyiko alilotaka kwenda nalo. Alikuwa anafunga masufuria alipolisema, bila kunitazama.

"Za dada yangu hazijachanjwa."

Nilihesabu wiki kwa vidole. Asubuhi iliyofuata nilichukua chupa, nikaijaza termosi barafu, nikapanda gari la Gatumba, nikavuka mpaka peke yangu. Mume wangu alisema nina kichaa, barabara ile! Huenda. Lakini wenyeji huchanjwa kwanza, na huwezi kuanza kungoja wiki mbili baada ya wageni kufika.

Niliulizauliza hadi nikapata nyumba. Mwanamke alitoka, uso ule ule wa Mama Furaha lakini mwembamba zaidi, mkono una unga. Nikamsalimu, nikamwambia nimetoka Buja, nimetumwa na kuku. Nilichanganyikiwa, ndivyo nilivyosema: nimetumwa na kuku.

Alitazama termosi, akanitazama mimi kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Ni we uliua kuku za dada yangu?"

Nilikuwa nimetembea na jambo lile miaka, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, wazi, mbele ya mlango wake.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Akafuta unga kwenye kitenge, akasogea kando ya mlango.

"Ingia, mama. Ziko nyuma. Aliniambia utakuja."